Maji Yenye Wasiwasi

Mama mkwe alikubali kutoa mate kwa sharti moja: ayasindikize mwenyewe mpaka maabara.

"Mate yangu siyaachi mikononi mwa watu," alimwambia mke wa mwanawe, fundi wa maabara. "Nitajuaje mnayafanyia nini?"

Fundi hakuwa na la kufanya. Walikuwa wakipima kimeng'enya cha kwenye mate, kile kinachoanza kusaga wanga mdomoni, ambacho huongezeka mtu akiwa na wasiwasi. Wenye wasiwasi walijileta wenyewe. Watulivu ndio walioadimika, akaona amwombe mama wa mumewe, aliyekuja kuwatembelea kwa wiki moja na sasa alikuwa anaingia mwezi wa pili. Fundi naye alitoa yake, zikatimia sampuli arobaini.

Alizizimua kila moja mara elfu, akazidondosha kwa pipeti kwenye nusu ya sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo. Vishimo hivyo vilipakwa kingamwili za kukinasa kimeng'enya. Kikinaswa kingi, mwishoni rangi ya njano hukolea. Viwili vya pembeni alivitia maji matupu, ili mashine ijue sifuri ikoje.

Mama mkwe alikuwa amekataa barakoa, eti inamziba pumzi. Akainama juu ya sahani.

"Mimi tangu nizaliwe sijawahi kupandisha sauti!" alisema, na sauti ikafika korido. "Muulize mumeo! Muulize baba yake, kama atathubutu kukataa!"

"Ndiyo, mama," alijibu fundi, macho kwenye pipeti.

Baada ya saa tatu mashine ilitoa majibu. Mkuu wa maabara, waliyemwita Desimali kwa sababu hata umri wake aliutaja kwa nukta, aliyasoma mara mbili.

"Maji yako yana wasiwasi kuliko binadamu," alisema. "Umeyatoa wapi?"

Fundi aliiinua sahani kwenye mwanga. Safu moja ya pembeni ilikuwa njano iliyoiva, pamoja na vishimo vya maji. Nyingine zilikuwa za kawaida. Akakumbuka upande ule ulikuwa umeelekea wapi alipokuwa akidondosha. Mate aliyoyapima yalizimuliwa mara elfu. Tone moja tu lisilozimuliwa, lililoruka kutoka mdomoni, lingetosha kuvuruga kila kitu.

"Mama," aliuliza taratibu, "asubuhi ulisimama wapi?"

"Si hapo hapo? Nilikuwa nakuchangamsha!"

Desimali aligeukia ukuta. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Bahati nzuri sahani zile hukatika vipande, na nusu ilikuwa bado haijafunguliwa. Sampuli nazo zilikuwa na akiba kwenye friza. Kesho yake kazi ilirudiwa. Mama mkwe, aliyegoma kubaki nyumbani, aliwekwa kwenye kiti mlangoni akiwa na barakoa mbili, akaapa kutosema neno. Alitimiza, ingawa mikono yake ilihutubia asubuhi nzima.

Safari hii maji yalibaki meupe. Sampuli ya mama mkwe ilikuwa ya chini kabisa kati ya zote arobaini. Ya juu kabisa ilikuwa na namba ambayo fundi aliijua vizuri, maana alijiandikia mwenyewe.

Jioni, mama mkwe alipokea habari zake kama mtu aliyekuwa akizijua tangu zamani.

"Si nilisema? Na wewe je, mwanangu?"

Fundi alichezea ncha ya kitambaa cha meza. "Mimi ndiye wa juu, mama."

"Wa juu ni vizuri?"

"Hapana, mama."

Mama mkwe alinyamaza, bila barakoa na bila kuombwa. Alitazama jikoni, vyombo vilivyorundikana tangu asubuhi, kisha akamtazama mwanawe aliyejinyoosha kwenye kochi.

"Wewe!" alimwita. "Inuka ukaoshe vyombo. Mke wako ana kimeng'enya!"