Ziwa la Baba na Ziwa la Mzee Théophile

Madamu wa duka ninapofanya kibarua Lilongwe huuza bahari. Si maji yenyewe, bali picha zake, kubwa kama mlango uliolazwa ubavu, za kutundikwa sebuleni ili wenye nyumba watulie. "Nyumba yenye bahari haina ugomvi," huwaambia wateja kwa sauti ya wodini, halafu hugeuka na kunifokea kwa sababu ya vumbi kwenye fremu. Kazi yangu ni kufuta vumbi hilo, na kubandika karatasi za maelezo nyuma ya picha. Nina diploma ya ustawi wa jamii.

Mwezi wa Juni mteja mmoja alirudisha bahari yake. Alisema kila akiitazama anabanwa na haja ndogo. Kona moja ilikuwa imekwaruzika, basi Madamu akanipa mimi. "Ninyi wa kambini ndio mnaohitaji utulivu," alisema, na machozi yakamlengalenga. Nikamwambia zikomo, asante ya kwao. Kwa kweli nilifurahi. Jumamosi ile watu wa Gélase, mchumba wangu, walikuwa wanakuja Dzaleka, kambi ya wakimbizi tunakoishi, kuniposa, na ukuta wetu wa sebuleni una ufa unaopitisha kidole.

Picha ilisafiri juu ya minibasi, kisha kwenye kabaza, mwenye baiskeli akilalamika njia nzima kwamba upepo ndio unaoendesha, si yeye. Baba akaitundika. Ilifunika ufa wote na nusu ya dirisha. Mama akasema sebule sasa ina giza, lakini ni giza la kitajiri.

Gélase hana baba. Aliyekuja kumsemea ni baba yake mkubwa, mzee Théophile, mtu wa Mboko kule Fizi, ufukwe wa Kongo, pamoja na wazee wawili wa kanisa. Mzee huyo hakuwahi kupenda kijana wake aoe Mrundi. Baba yangu, mtu wa Rumonge, Burundi, ng'ambo ya pili ya ziwa hilo hilo, naye hakupenda nichukuliwe na Wakongomani. Gélase aliwabembeleza miezi minane mpaka wakakubali kukaa chumba kimoja. Wakiachana vibaya siku hiyo, hakutakuwa na siku nyingine.

Kwetu msichana anayeposwa hukaa chumbani mpaka aitwe. Akiitwa, husalimu kwa mikono miwili, huketi mkekani, na hasemi neno. Desturi hiyo ilinifaa sana. Nikasalimu, nikaketi.

Mzee Théophile hakuanza na posa. Alikuwa ameisogelea picha, mikono nyuma. Ni maji matupu, na jua jekundu limegusa ukingo wake.

"Aaa! Lakini hii njo Mboko! Kwetu kabisa. Muone jua inatoka asubui, ku upande ya Burundi."

Baba alitabasamu. Nalijua tabasamu hilo.

"Mzee, hapo ni Rumonge. Jua linazama, linakwenda kulala kwenu Kongo. Nimeuza ndagala ufukwe huo miaka kumi na miwili."

"Linazama? Na ule wekundu wa asubui hauuone?"

"Wa jioni."

"Kama ni jioni, milima yetu iko wapi?"

"Kama ni asubuhi, yetu iko wapi?"

"Iko ndani ya ukungu!"

"Basi na yenu imo humo humo."

Mama alipitisha Fanta. "Bazee, mukunywe kwanza." Hakuna aliyepokea.

"Mutu hajue asubui na jioni," mzee Théophile aliwaambia wazee wa kanisa, "binti yake atamupikia batoto yetu saa ngapi?"

"Umekuja kuomba binti," Baba akajibu, "sasa unataka na ziwa?"

Mzee Théophile akachukua kofia yake. Wazee wa kanisa wakasimama, mmoja bado ameshika Biblia mahali alipokusudia kusoma. Gélase, aliyeketi karibu na mkeka wangu, hakuinuka. Alinitazama tu.

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Samahani, wazazi wangu. Si ziwa letu. Ni bahari ya Norwe. Karatasi iko nyuma, nimeibandika mimi."

Walinigeukia wote wawili, kama vile kiti kimesema.

"Norwe ni wapi?" Baba aliuliza.

"Ulaya, juu kabisa."

"Na hilo jua, linachomoza au linazama?"

"Kule, miezi kama hii, halizami. Linagusa maji, halafu linapanda tena."

Mzee Théophile akapiga paja lake.

"Jua haizame! Mwasikia?"

"Hawa ndio wanaosoma," Baba alisema kwa uchungu. "Diploma!"

"Bazungu banatuibia ziwa, banaandika karatasi, na batoto banaamini!"

"Jua lisilozama! Kuku wao wanalala saa ngapi?"

Walicheka mpaka mzee Théophile akalazimika kuketi, na alipoketi Fanta ilikuwa mbele yake, akanywa.

"Mukwe," alimwambia Baba, akijifuta macho, "huyu mutoto anahitaji watu wazima karibu yake. Wa upande zote mbili."

"Kweli, mkwe wangu. Peke yangu simuwezi."

Baada ya hapo posa ilikwenda haraka, kama shughuli ya kuokoa mtu. Nilitaka kueleza habari ya mhimili wa dunia, na maneno nilikuwa nayo. Gélase akanikanyaga mguu polepole.

Naolewa Agosti.