Meli Inayochunwa

Uvumi uliniganda kama kupe: meli ya watalii anayofanyia kazi binti yangu, kuukuu kuliko mimi, inachunwa. Kwangu mimi, kinachochunwa kimeshachinjwa. Nikampigia simu.

"Mwanangu, rudisha sare uje nyumbani, kabla hawajaiuza kama chuma chakavu."

"Mama, njoo uione kwanza, ndipo uniachishe kazi."

Nilipofika bandarini nilipanda kuikagua. Eti kuukuu! Vioo vinameta, vitasa vya shaba vinang'aa, ngazi za mbao hazilii hata ukizikanyaga kwa hasira. Ubavuni mafundi walikuwa wakikwangua rangi ya zamani, wapake mpya.

"Huku ndiko kuchuna kwenyewe," fundi mmoja akaniambia. "Mama, ulidhani tunapika supu?"

Nyuma ya meli, jina la bandari yake ya nyumbani limefutwa, maana inahamia bandari nyingine, na jipya halijaandikwa. Kila mtu anabuni lake. Binti yangu ataifuata huko huko, nami nimemkubalia, ingawa roho iko juu juu.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:
- kushika neno la mafundi bila kuuliza maana yake;
- kumwachisha mtoto kazi kwa simu;
- kutangaza bandari mpya kabla haijaandikwa;
- kuidharau meli kwa umri wake.