Droo ya Kumi na Nne

Mshona mashuka alifika makumbusho saa nne asubuhi, akafuta viatu mara mbili mlangoni, akamfuata mtunza droo. Walipita chini ya mifupa ya nyangumi iliyoning'inizwa kwa waya, wakapita vipepeo waliochomwa pini, wakafika kwenye kabati la nyani. Mwezi uliopita mjukuu wa mshona mashuka alipita hapo na darasa lake, sauti ikamuuliza kutoka kabatini yeye ni mtoto wa nani. Mtoto alirudi nyumbani na salamu kwa bibi yake.

Mtunza droo alivaa glavu nyeupe, akavuta droo ya kumi na nne. Juu ya pamba lilikuwa fuvu la babu yake mshona mashuka. Namba ilikuwa kwenye paji la uso, kwa wino mweusi, mwandiko mzuri, ikapakwa vanishi isifutike.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Sijakonda. Gauni ndilo lililolegea."

"Umekuja na kikapu?"

"Na shuka jipya ndani yake. Nimelipinda mwenyewe."

"Haya, twende. Majirani hawa hawana mazungumzo."

Mtunza droo alikohoa kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alimletea mama wa watu kiti kabla ya kusoma kadi ya droo. "Hapa imeandikwa: nyani mkubwa, dume. Mtu hakabidhiwi nyani, mama."

"Huyu ni babu yangu."

"Namsikia. Lakini kadi ndiyo inayosema."

"Basi ibadilishe."

"Hubadilishwa na aliyeiandika tu. Naye alifariki kabla sijazaliwa."

"Yuko droo gani, nikaongee naye?"

"Yule alizikwa, mama."

Mshona mashuka alikaa na kikapu magotini mpaka kengele ya kufunga ikalia. Hapo akalitoa shuka, akamfunika babu yake, akachomeka pindo pande zote, kama amfunikavyo mtoto mwenye homa.

"Asante, mwanangu," babu akasema. "Kulikuwa na baridi."

Mtunza droo aligeuza kadi. Kubadilisha hakuruhusiwi, ila kuongeza kuliruhusiwa. Akaandika kwa mwandiko mzuri: *Huongea.* Akaupuliza wino ukauke. Kisha, kwa kuwa shuka nalo sasa lilikuwa ndani ya droo, akalibandika kibandiko chenye namba kwenye pindo, akasukuma droo taratibu asimgonge mzee.