Namba Iliyofutwa kwa Tupa

Asubuhi hiyo Mwanatumu alikuwa amepiga magoti barazani mwa duka la vitambaa, mjini Voi, akisugua cherehani ya mtu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mwenyewe, mama mmoja wa Bura aitwaye Tryphena, alikuwa ameiteremsha kutoka mlimani kwa bodaboda, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa wa kupelekwa hospitali.

"Haya, namba imetokea," alisema Mwanatumu. "Nisomee wewe, macho yangu yamechoka."

Tryphena akainama akasoma: herufi Y, kisha tarakimu saba.

"Y ni ya Uskoti. Miaka ya ishirini, au thelathini mwanzo mwanzo. Ulinambia ni ya nani?"

"Ya nyanya. Alisema alipewa akiolewa, sisi tukamcheka."

"Basi hakuwadanganya. Na mtu asikudanganye uipake rangi. Tena hapa kwenye namba usipitishe tupa hata kwa dawa. Wasikia?"

Tryphena alisikia. Watu walikuwa na mazoea ya kumsikia Mwanatumu. Kutoka Maungu mpaka Mahoo, fundi aliyetaka kipuri alianzia kwake, maana kipuri cha cherehani ya Singa ya zamani hukipati mpaka ujue ni ya mwaka gani. Alilijua gurudumu lenye vijiti na lile la bapa, alijua ni lini kikazio cha uzi kilihamishwa, na nakshi gani ya dhahabu ilibandikwa enzi ipi. Siku hizi alikuwapo pia mchuuzi mmoja, Musyimi, aliyezunguka akinunua cherehani kuukuu za kurembea hoteli za watalii huko mbugani, naye hakununua hata moja kabla Mwanatumu hajaiangalia. Hakuwa na cheti cha kazi hiyo. Alikuwa na mdomo wake tu, na katika miaka yote hiyo mdomo huo haukuwahi kusema umri wa uongo.

Lakini pale alipozoea kuketi hapakuwa na cherehani. Palikuwa na alama nne za miguu ya chuma kwenye saruji. Ijumaa iliyopita vijana wa naibu wa chifu waliibeba mbele ya wateja, baada ya Hanif, nduguye wa baba mmoja, kwenda kushtaki kwamba dada yake anakalia mali ya urithi. Leo saa nne ndiyo ilikuwa siku ya kusikizwa. Mwanatumu alinawa mikono, akatia bahasha ya risiti kwapani, akajitanda buibui lake vizuri. Cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa sufuria yake, kodi yake na uso wake mbele za watu, na hakuwa na nyingine.

Ofisi ya naibu wa chifu ilikuwa chumba kimoja cha bati na kalenda tatu. Cherehani ilikuwa pembeni, na mtu ameweka juu yake chupa ya chai. Mwanatumu aliiondoa chupa hiyo kabla hata ya kusalimu.

Naibu mwenyewe, bwana Zephaniah, hakuwa mtu mkali. Alikuwa wa wale wanaokuumiza taratibu huku wakikuita mama.

"Mama, kaa. Hanif ameshaeleza. Hii mashine imepigwa jina gani?"

"Bwanaheri. Ni la babangu."

"Na baba ameacha watoto wangapi?"

"Sisi wawili. Lakini si yake. Babangu alikuwa mlinzi wa reli, hata kifungo hakujua kushona. Nimeinunua mimi Mombasa, mwaka wa tisini na saba, nilipoachika. Niliuza bangili zangu za mahari. Risiti hii hapa."

Zephaniah aliifungua risiti, karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Jina la Mwanatumu lilikuwapo. Namba ya cherehani ilikuwapo, herufi F na tarakimu zake zote. Aliinuka, akaikagua cherehani, akapapasa kwa kidole pale namba inapokaa.

"Mbona hapa hakuna hiyo namba? Naona jina la mzee tu."

Mwanatumu alilijua swali hilo tangu Ijumaa. Miaka ile aliyoinunua, wezi walikuwa wakizoa cherehani barazani usiku kwa usiku, na mafundi wote wa Voi walikimbilia juakali, kwa mafundi wa chuma, kupigisha majina kwenye mashine. Fundi wa chuma alimwambia pale kwenye namba ndipo pazuri, chuma kiko tambarare. Akapitisha tupa mara sita, saba, namba ikawa vumbi. Alipoulizwa jina, Mwanatumu aliona aibu kupiga lake. Mwanamke aliyerudi kwao na mtoto mgongoni, ajitangazie jina kwenye chuma? Alipiga la babake, kwa heshima. Mzee alipoonyeshwa alilipapasa akatokwa na machozi, nayo hiyo ilikuwa furaha kubwa kuliko zote alizowahi kumpa. Ni baadaye sana, alipokuwa akitafuta vipuri, ndipo alipojifunza kuwa tarakimu zile zilikuwa na maana, na tangu siku hiyo hakuacha kuwakanya wenzake.

Aliyaeleza yote. Zephaniah alimsikiliza akitikisa kichwa.

"Nakuelewa, mama. Lakini risiti ni ya mashine iko na namba. Hii haina. Hii iko na jina la marehemu."

"Muulize Hanif. Sare zake za shule zilishonwa na nini? Hanif, niangalie. Babetu aliwahi kununua cherehani?"

Hanif, aliyeketi ukutani tangu mwanzo, alikuwa akitazama viatu vyake. Alikuwa dereva wa lori pale Maungu mpaka kampuni ilipopunguza watu, na sasa bintiye Nuha alikuwa ameitwa chuoni, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya karo.

"Mimi nilikuwa mdogo, dada," alisema. "Najua jina lililoandikwa."

"Kwa ajili ya Nuha ungeniomba. Ningekesha nikishona."

"Kushona kungechukua mwaka."

Kweli, kungechukua mwaka, na hilo ndilo lililomuuma.

"Ukitaka, enda kwa kadhi," alisema Zephaniah. "Ni haki yako. Lakini mpaka kesi iishe mashine inabaki hapa. Mwaka, miaka miwili, sijui. Ama mkubali iuzwe leo mgawane, na wewe utapata fungu lako la binti."

Mwanatumu alihesabu siku, si shilingi. Mwaka mzima bila cherehani, wateja wangemsahau kufikia Ramadhani. Kabla hajajibu, mlango ulisukumwa, akaingia Musyimi na kalamu sikioni. Kumbe mnunuzi alikuwa nje muda wote, akingoja kesi iishe.

Musyimi alipomwona, alirudi hatua moja. "Mathe! Ni yako? Mimi niliambiwa tu kuna mashine ya marehemu fulani."

"Ndiyo hiyo," alisema Zephaniah. "Na huyu si ndiye mtaalamu wenu? Basi aseme umri, tumalize."

Mwanatumu aliisogelea cherehani yake, akaweka kiganja juu ya shingo yake nyeusi. Wazo lilimjia bila kubisha hodi. Musyimi alitaka za zamani tu. Akiambiwa ni ya juzi, ataondoka zake, na Hanif hana mnunuzi mwingine wa kabla ya kesho.

"Hii si Singa ya kweli," alisema, na akaisikia sauti yake ikiwa nyembamba. "Ni ya kuiga, ya Bara Hindi. Miaka ya sabini. Haina thamani kwenu."

Musyimi akachuchumaa, akatelezesha kibati kando ya sindano, akatoa kwa vidole viwili kile kichuma kirefu mfano wa risasi kinachobeba uzi wa chini.

"Lakini mathe," alisema polepole, kama anayeomba radhi, "si ni wewe ulinifunza? Ulisema za kuiga za Bara Hindi zinabeba bobini ya duara. Ukipata ya risasi, hiyo ni ya ukoo wa zamani. Na gurudumu ni la vijiti. Na hii dhahabu hapa, yule mnyama mwenye kichwa cha mtu, si ulisema haibandikwi siku hizi?"

Alifundisha vizuri mno. Mwanatumu alihisi uso ukimwaka, akatamani ardhi ya chumba kile immeze mzimamzima.

"Sasa mnaona," alisema Zephaniah, bila hasira. "Amedanganya ya umri. Ya kununua tutaamini aje?"

Haikubaki ila iuzwe. Mwanatumu alifuta macho kwa ncha ya buibui, akaanza upya, safari hii kama ipasavyo. Alisema ni Singa ya kweli, ya Uskoti, ya kati ya mwaka wa kumi na wa ishirini wa karne iliyopita. Alionyesha kikazio cha uzi, nakshi, gurudumu, vyote kwa utaratibu, kwa sauti ileile aliyomweleza nayo Tryphena asubuhi. Alisema mpaka F, herufi isiyokuwapo tena kwenye chuma, na Musyimi akaiandika.

"Nikisema miaka yake mwaniamini," alisema alipomaliza. "Nikisema ni yangu, hamniamini. Mdomo ni huu huu, bwana Zephaniah."

"Umri ni utaalamu, mama. Umiliki ni karatasi."

"Karatasi si unayo mkononi?"

Zephaniah aliitazama risiti, akaikunja, akamrudishia.

Musyimi alikuwa na kadi ngumu nyeupe, ile inayosimamishwa kando ya mashine hotelini wageni wasome. Aliandika aina, akaandika Uskoti, akaandika miaka. Kwenye nafasi ya jina la mwenyewe akasita.

"Andika Mwanatumu," alisema Mwanatumu.

"Andika marehemu Bwanaheri," alisema Zephaniah.

Musyimi alimtazama Hanif, Hanif akatazama viatu. Musyimi akaandika Bwanaheri. Kisha akageuza kadi kuelekea kwa Mwanatumu na kumpa kalamu, aweke sahihi kwamba maelezo ni ya kweli.

"Siweki."

"Mathe, fungu lako halitoki bila sahihi."

"Na lisitoke. Mpe Hanif lote, amlipie Nuha. Lakini hapo sitii mkono wangu."

Akatoka. Hanif alimwita mara moja, "Dada," naye hakugeuka, kwa kuwa alikuwa analia na hakutaka nduguye amwone. Kupitia dirishani alimsikia Zephaniah akisema hoteli haiwezi kujua sahihi ya nani ni ipi, basi liandikwe tu jina la huyo mama. Musyimi akaandika, kwa herufi ndogo, chini kabisa ya kadi: umri umethibitishwa na Mwanatumu Bwanaheri, fundi cherehani, Voi.