Kura ya Esay wa Pant-y-brwyn

Siku ya uchaguzi wa mwaka 1868, Esay Tomos alipanda jukwaa la mbao mbele ya soko zima. Karani akamwuliza anamchagua nani, naye akataja jina la Kapteni, mgombea wa Kanali, mwenye ardhi yao. Alilitaja kwa sauti ndogo.

"Sema usikike!" karani akamkaripia.

Ikabidi alirudie, na safari hii hata wauza jibini wa upande wa pili wa soko walimsikia. Chini ya jukwaa alisimama Bwana Crowther, msimamizi wa mashamba ya Kanali, daftari mkononi. Akaweka alama kwenye jina lake.

Aliyemfuata jukwaani alikuwa Josua, kaka wa mkewe. Yeye alitaja jina la Elias Rowlands, mfanyabiashara wa sufu aliyesali nao kanisa moja. Karani hakumwambia arudie.

Kabla mwaka haujageuka, Josua alipewa barua ya kuhama. Shamba lile babu yake ndiye aliyelifyeka, akang'oa mawe jiwe baada ya jiwe, lakini ardhi ilikuwa ya Kanali. Esay alimsaidia kupakia kitanda, saa ya ukutani na Biblia. Josua akahamia kijumba cha kando ya barabara, akawa mponda mawe. Esay alibaki na shamba lake la Pant-y-brwyn na ng'ombe wake tisa, ila kila alipopita barabarani akasikia ile nyundo, chakula cha jioni kilimshinda. Leisa, mkewe, hakumlaumu hata siku moja. Afadhali angemlaumu.

Miaka sita ikapita. Februari ya mwaka 1874 uchaguzi ukaitishwa tena, wagombea walewale wawili, na mchungaji akatangaza kanisani kwamba sasa sheria imebadilika: kura itapigwa kwa karatasi, kwa siri. Watu wakacheka. Siri ya maskini hufichwa wapi? Wengine walisema karatasi ina namba mgongoni, na Kanali ataisoma tu. Namba kweli ilikuwepo, na hilo ndilo lililowakosesha watu usingizi.

Jumatatu Bwana Crowther akaja na farasi wake mpaka mlangoni.

"Esay, natumaini Alhamisi utakumbuka."

"Nakumbuka sana, bwana."

"Wanasema mambo ya siri, siri. Mimi sihitaji kuambiwa. Nikimtazama mtu usoni, najua."

Alipoondoka, Leisa akaweka mezani supu ya kondoo na viazi. "Umemsikia? Eti anasoma nyuso."

"Sasa niende na gunia kichwani?"

"Nenda na huohuo wako. Una uso kama wa kondoo, baba watoto. Hata mimi miaka ishirini sijaweza kuusoma."

Alhamisi asubuhi, Josua alikuwa akimngoja barabarani, amevaa koti lake la kanisani. Yeye hakuwa na kura tena. Asiye na shamba alikuwa hana.

"Nakusindikiza, shemeji," akasema. "Kura wameninyang'anya, lakini miguu bado ninayo."

Kura zilipigwa darasani, shule ya kijiji. Bwana Crowther alikuwa amesimama mlangoni, anamwamkia kila mpangaji wa Kanali kwa jina. Esay alipoingia, Crowther akamfuata nyuma kama alivyozoea. Polisi akanyoosha mkono.

"Wewe subiri nje, bwana."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua vizuri. Subiri nje."

Esay alimtazama yule polisi kwa mshangao. Alikuwa mtoto wa fundi viatu wa hapohapo, na tangu utotoni alikuwa akimvulia Crowther kofia. Leo kofia ilibaki kichwani.

Akapewa karatasi. Akaonyeshwa kibanda pembeni, mbao tatu zilizopigiliwa misumari, bado zinanukia unga wa msumeno, na ndani yake kijimeza chenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Akaingia.

Kwanza akageuka nyuma. Hakuna mtu. Akatazama juu, akapapasa mbao kutafuta tundu. Hakuna tundu. Nje alisikia magurudumu ya mkokoteni na mtu akikohoa, lakini sauti zile zilikuwa mbali, kama za nchi nyingine. Hakuwahi kuwa peke yake namna ile. Shambani kulikuwa na jicho la Kanali, kanisani jicho la wazee, nyumbani la Leisa. Akawaza: wakubwa wa London, ambao hawawezi hata kulitamka jina la shamba langu, wamekaa wakakubaliana kwamba kwa dakika moja hii Kanali asinione. Mimi, mkamua ng'ombe. Wamenijengea ukuta.

Mwili ukamsisimka. Akavua kofia, maana hakujua la kufanya zaidi ya hilo.

Majina yalikuwa mawili. Akachora mistari miwili iliyokatana mbele ya jina la Rowlands, akaikunja karatasi mara nne, akatoka na kuitia sandukuni. Haikutoa hata sauti.

Mlangoni Crowther alimkazia macho. "Haya, Esay?"

"Kama ulivyosema, bwana. Nimekumbuka."

Alitembea na Josua mpaka wakapita daraja. Josua hakuuliza amempigia nani. Aliuliza, "Mle ndani kukoje?"

Esay akafungua kinywa aeleze, badala ya maneno yakaja machozi. "Nisamehe, shemeji. Ule mwaka mwingine..."

"Ule mwaka mwingine ulikuwa na watoto wanne na mama yako kitandani. Mimi nilikuwa na hasira tu, watu wakaiita ushujaa." Josua akasimama katikati ya barabara. "Nieleze bwana. Hizo mbao zinafika wapi?"

Esay akaweka viganja viwili hewani, kulia na kushoto, usawa wa masikio yake.

"Mpaka hapo?"

"Zaidi kidogo."

"Na hakuna aliyechungulia?"

"Hata mmoja, Josua. Hata mmoja."

"Loo!" akasema Josua kwa sauti ya chini. Akaitazama nafasi tupu iliyo kati ya mikono ya shemeji yake.

Masanduku ya wilaya nzima yalipelekwa mjini, karatasi zikachanganywa kama punje za shayiri ghalani, ndipo zikahesabiwa. Kapteni akashindwa.

Jumanne iliyofuata Bwana Crowther akafika Pant-y-brwyn, farasi kalowa matope hadi tumboni.

"Nimezunguka bonde zima," akasema. "Kila mpangaji ameapa kwamba alimpa Kapteni. Kila mmoja! Sasa zile kura nyingine zimetoka wapi?"

"Labda bonde la pili, bwana," Leisa akasema, anakausha mikono kwenye aproni.

"Nimetoka huko."

"Na wao walisemaje?"

"Hivyohivyo!" Akamgeukia Esay. "Na wewe?"

"Niandike kama wenzangu, bwana."

Crowther alimtazama usoni kwa muda, akayashusha macho akalitazama bonde, moshi ukipanda nyumba baada ya nyumba. Daftari lilikuwa mkononi mwake na hakulifungua. Esay akauona woga ukipita machoni mwa mtu ambaye yeye alikuwa amemwogopa maisha yake yote. Alikuwa amedhani siku hiyo ikifika atacheka. Hakucheka, alishika hatamu za farasi, akamgeuza taratibu kuelekea barabarani.

"Nenda salama, bwana," akasema. "Kule chini njia inateleza."