Ndevu za Mtoano

Mume wangu Fernand hanyoi ndevu kuanzia siku ya kwanza ya mtoano mpaka timu itolewe au ichukue kombe. Msinicheke. Mji wetu wote wa Lac-Morin ndivyo ulivyo. Ikifika Aprili, theluji ikaanza kuyeyuka na kutuachia matope, wanaume wanaota vichaka usoni, kuanzia wachezaji wenyewe hadi padri. Kinyozi anafunga duka na kwenda ziwani kuvua samaki. Na kwa kuwa timu yetu ya hoki ya barafuni, Wakata Magogo, ina kipaji cha kutolewa mapema, miaka mingi ndevu hizo hazikupata hata nafasi ya kuficha kidevu.

Historia ya mtoano wa timu hii naijua kuliko historia ya ukoo wangu, wala sikuiomba. Niliolewa nayo. Mwaka wa themanini na moja tulifika fainali kwa mara ya kwanza, nami nilikuwa na mimba ya binti yetu Mireille. Fainali huwa ya mechi saba, anayeshinda nne ndiye bingwa; tulifungwa ya saba, ya mwisho kabisa, katika muda wa nyongeza. Mpaka leo watu wanamlaumu nahodha wa wakati ule, kwa sababu tulipotwaa kombe dogo la kanda alilinyanyua juu. Kombe dogo haliguswi. Unapiga nalo picha mikono ikiwa nyuma, unangoja lile kubwa. Yeye alilikumbatia kama mtoto aliyepotea akapatikana. Maskini, ilibidi ahame mji.

Mwaka wa tisini na mbili tulikuwa mbele mechi tatu kwa moja, imebaki moja tu tutawazwe, tukafungwa zote tatu zilizofuata. Lawama ikamwendea mama mmoja wa mtaa wa kanisani aliyeoka keki ya ushindi kabla ya siku. Kocha hakulaumiwa, wala kipa aliyekuwa anapitisha visahani, ndiyo mipira ya hoki yetu, kama mlango wa duka. Keki ndiyo iliyolaumiwa. Hivyo ndivyo tunavyofikiri huku, na mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo, mpaka lawama ilipopiga hodi kwangu.

Mireille alifunga ndoa Jumamosi moja ya Juni mwaka wa elfu mbili na tatu. Tarehe tuliipanga mapema, nani angedhani Wakata Magogo watakuwa bado wanacheza Juni? Asubuhi ya harusi nilimpa Fernand wembe nikamwambia, "Humfikishi mwanangu madhabahuni ukiwa kama mtu aliyetoroka msituni." Akanyoa. Jioni ile ile, sherehe ikiendelea, ilikuwa fainali, mechi ya saba. Tukafungwa goli moja kwa bila.

Ilianza kama utani. "Mireille, harusi yako imetugharimu kombe!" Rafiki yake Fernand, jirani yetu Gaétan Plourde, ndiye aliyeanza, na Fernand akaichukua, na kila mwaka mtoano ukifika wimbo ulikuwa huo huo mezani kwetu. Binti yetu alicheka miaka ya mwanzo. Baadaye akawa hacheki. Baadaye akahamia kusini na mumewe, na akawa haji nyumbani mpaka timu iwe imetolewa. Mimi niliona. Fernand, hana habari.

Sasa mwaka huu Wakata Magogo wakaamka. Raundi ya kwanza wakapita, ya pili wakapita. Siku moja ya Mei tulikuwa tunakula maharage ya asubuhi, sharubati tamu ya mti wa mepo ikamdondokea Fernand kwenye ndevu. Nikachukua kitambaa nimfute. Chini ya sikio la kushoto, ndani ya kile kichaka, vidole vyangu vikakuta kitu kigumu, kikubwa kama yai la njiwa.

"Hii nini, Fernand?"

"Si kitu."

"Nimekuuliza hii nini."

"Uvimbe tu. Ulikuwepo."

"Ulikuwepo tangu lini?"

Akatafuna maharage yake polepole kama mtu anayehesabu. "Machi."

"Machi! Mungu wangu, na hukusema?"

"Ningesema ungenipeleka kwa daktari, daktari angeninyoa. Huguette, tumeingia nusu fainali. Una habari tangu lini hatujaingia nusu fainali?"

Nilimpeleka hospitali siku ile ile, kwa matusi yangu na matusi yake. Watu wa huku wakikasirika hutaja vyombo vya kanisani, na njia nzima Fernand alitaja tabenakulo, na kikombe cha misa, na mafuta matakatifu, mpaka tukafika. Alikubali kuchomwa sindano ya kuchukua kipimo tu, tena kwa sharti wapitie katikati ya ndevu.

Majibu yalikuja Juni, siku moja baada ya timu yetu kusawazisha fainali mechi tatu kwa tatu. Daktari Vaillancourt ni mwanamke mwembamba anayekuja kutoka kusini kufanya upasuaji, kisha anakwenda hospitali nyingine za kaskazini. Hakuzungukazunguka. Ilikuwa saratani ya tezi ya mate.

"Ninakufanyia Ijumaa," alisema.

"Jumatatu," alisema Fernand.

"Jumatatu sipo hapa. Nikirudi ni baada ya wiki tatu. Bwana Ouimet, hapo hapo kwenye tezi unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso wako. Uvimbe huu unakua. Wiki tatu ni nyingi."

"Mechi ya saba ni Jumapili mchana."

Daktari alinitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Niliona aibu, kisha nikaona aibu ya kuona aibu, maana nilimwelewa mume wangu vizuri mno. Mtu aliyesomea kusini atadhani Fernand ni mjinga. Si mjinga. Alikuwa mtu aliyeambiwa kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba alinyoa na mji mzima ukalia, na sasa anaombwa arudie.

Tulipofika nyumbani nilimpigia simu Mireille. Sikumwomba aje. Nilimweleza tu, akakata simu, na kesho yake mchana gari lake lilikuwa uani, limejaa matope mpaka madirishani.

Alimkuta Gaétan jikoni kwangu. Gaétan ana ndevu mpaka kifuani, na yeye ndiye aliyekuwa anatoa ushauri wa kitabibu.

"Madaktari nao wana haraka sana siku hizi," alikuwa anasema. "Jumapili si mbali, Fernand. Unacheza Jumapili, halafu unatafuta daktari mwingine, kwani hawapo wengine?"

"Anacheza nini?" nikamuuliza. "Wewe Gaétan, anacheza nini huyu? Kipa? Ana goti bovu hawezi hata kupanda ngazi!"

"Namna ya kusema tu, Huguette."

"Toka jikoni kwangu."

"Hata kahawa sijamaliza..."

Nilishika upawa wa supu. Akatoka, na kikombe changu mkononi.

Mireille hakuvua koti. Alivuta kiti akakaa mbele ya baba yake, magoti yao yanakaribia kugusana.

"Baba, nikuulize kitu kimoja tu."

"Uliza, mwanangu."

"Siku ya harusi yangu. Ungejua kwamba tutafungwa, ungenyoa?"

Nilitaka kuingilia, nikajizuia. Jibu lilikuwa rahisi, mtoto mdogo angeweza kulisema. Lakini Fernand hajui kusema uongo. Ninamjua zaidi ya miaka arobaini, na pale nilimwona anafikiria kweli kweli, macho kwenye kitambaa cha meza. Friji ilinguruma ikanyamaza, na yeye bado anafikiria.

"Basi," alisema Mireille. "Umenijibu."

Hakulia. Alisimama akatafuta funguo za gari kwenye mfuko wa koti.

"Unakwenda wapi?" Fernand akashtuka.

"Nyumbani kwangu. Miaka yote hii nilikuwa najiambia ni utani. Kumbe mlikuwa mnanidai. Ukitaka kufa kwa ajili ya mechi, kufa, baba, lakini mimi sikai hapa kutazama."

Alifika mlangoni. Mume wangu hakumfuata, na lile goti lake lisingemruhusu. Alibaki kwenye kiti, mkono umeshika ile sehemu chini ya sikio, akawa mdogo ghafla. Kisha akasema, "Mireille. Ninyoe wewe. Mama yako mkono wake mzito."

Mireille alirudisha funguo mfukoni, akavua koti. Mimi nilikwisha kwenda kuchemsha maji.

Alimnyoa pale pale mezani, kwanza kwa mkasi, kisha kwa wembe. Fernand alifumba macho. Nywele nyeupe zikaanguka kwenye taulo, shavu la kulia likatokea, kisha kidevu, na mwisho upande wa kushoto. Hapo Mireille alisimamisha mkono. Uvimbe ule tulikuwa tumeugusa tu. Sasa ulikuwa mbele yetu, umevuta ngozi, unang'aa, mkubwa kuliko nilivyodhani. Niliweka mkono mdomoni. Fernand aliomba kioo, akajitazama kwa muda.

"Kumbe ndio huu," alisema. Hakutaja timu tena siku ile.

Upasuaji wa Ijumaa ulichukua asubuhi nzima. Daktari Vaillancourt alitoka akiwa bado na kofia ya upasuaji, akatuambia ameutoa wote. Nilimshika mikono yote miwili. Lakini alikuwa hajamaliza. Uvimbe ulikuwa umeshaufikia ule mshipa, akalazimika kukata tawi lake moja.

"Upande wa kushoto wa mdomo hautanyanyuka tena kama zamani," alisema. "Angekuja Machi, au hata Aprili, ningeweza kuuokoa."

Nilikwenda nikasimama kwenye ubao wa matangazo ya chanjo, nikausoma wote nisielewe neno. Nilikuwa nashukuru, na nilikuwa na hasira ya kutosha kumpiga mume wangu na bandeji zake. Aliulea ugonjwa ndani ya ndevu kama mtu anayeficha paka ndani ya koti. Na mimi niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja, nilikuwa nazipenda zile ndevu. Niliziona zinampendeza.

Jumapili mchana wodi nzima ilikuwa na redio moja, ya nesi mmoja mwenye shati la Wakata Magogo chini ya sare yake. Fernand alimwomba aizime.

"Nimenyoa," alisema, maneno yanatoka polepole kwa upande mmoja. "Tutafungwa. Sitaki kusikia."

"Mzee, usinichezee," alisema nesi. "Nimengoja siku hii tangu nizaliwe." Akaongeza sauti.

Tukafungwa la kwanza. Fernand aligeukia ukutani. Tukasawazisha. Ukaja muda wa nyongeza, ambapo goli la kwanza humaliza kila kitu, na mgonjwa wa kitanda cha pili, mwenye mguu uliotundikwa, alianza kusali rozari kwa sauti. Halafu kijana wetu mmoja kutoka Slovakia, ambaye ndevu zake hata hazijui kuota, akapokea kisahani karibu na ukuta, mtangazaji akapandisha sauti, akapaza, akapoteza maneno kabisa. Tumechukua kombe.

Nesi alipiga yowe akakimbia korido nzima. Nje honi zilianza, moja, kumi, kisha hazikuhesabika. Nilimgeukia Fernand. Alikuwa anacheka. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa unacheka, jicho, shavu na mdomo, na upande wa kushoto ulikuwa umekaa tu, kama wa mtu mwingine asiyejua habari. Ndiyo mara ya kwanza nilipoiona sura hiyo. Mireille aliiona pia, akanishika mkono.

Haukupita muda Gaétan akaingia, ananuka bia, machozi yamelowesha ndevu zake zote.

"Fernand! Ulinyoa, tukashinda! Kumbe ndevu zako ndizo zilizokuwa zinatubana, shetani wewe! Mwakani tunakunyoa Machi! Padri mwenyewe kasema atashika wembe!"

Alikuwa na furaha ya kweli, nami hata kumfukuza nilishindwa. Fernand alinyanyua kiganja.

"Gaétan, ngoja. Haikuwa mimi."

"Nini?"

"Leo haikuwa mimi. Yule kijana ndiye aliyefunga. Na mwaka ule pia haikuwa mimi." Akamgeukia binti yake. "Wala wewe."

Nilimwona Gaétan anatafuta hoja, kwa sababu ukiiondoa ile harusi kwenye historia yetu, itabidi aseme kwamba tulifungwa kwa kuwa wenzetu walicheza vizuri, na hilo katika mji wetu halijawahi kusemwa. Mwisho akampapasa rafiki yake mguu juu ya blanketi, akatoka kwenda kwenye honi zake.

"Zaidi ya miaka ishirini, baba," alisema Mireille.

"Najua."

"Hujui."

"Sijui," alikubali. Mate yalikuwa yanamtoka kwenye kona ya kushoto ya mdomo bila yeye kuhisi. Mireille alichukua kitambaa akamfuta, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Barabarani walikuwa wanaimba. Nilimuuliza Fernand kama anataka tumsogeze dirishani awaone, maana jambo hili alilingoja maisha yake yote.

"Hapana," alisema. Alikuwa bado anamtazama Mireille. "Niambie harusi yako ilikuwaje. Mimi siku ile nilikuwa na redio sikioni. Sikuiona."

Mireille alikunja kitambaa. Kisha akavuta kiti, akamwambia kwamba asubuhi ile ilinyesha mvua, na kwamba viatu vyake vilikuwa vinambana.