Goti la Bibi Linatafuta Kiti

Usiku wa jana niliota viti vya ndege vimepanga foleni sebuleni kwetu Tukuyu, vinaomba kazi ya kumbeba bibi yangu.

Hilo halikunishangaza. Mchana kutwa nilikuwa nimeshinda na simu nikimchagulia kiti. Bibi Subilaga anakwenda Kanada, ambako mama mdogo Atupele amejifungua, na mzazi lazima akandwe maji ya moto na mama yake, iwe kuna jua, iwe kuna theluji. Ndege yenyewe inaruka mpaka mtu asahau alipandia wapi. Mimi, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na simu yangu haina ufa, ndiye niliyeonekana mtaalamu wa anga.

Basi, viti. Nimekaa kwenye stuli, Bibi yuko pembeni yangu na mkoba mapajani, tunavisaili. Cha kwanza kinaingia kwa kuinama, maana ni kirefu kuliko mlango.

"Mimi ni kiti cha mlango wa dharura," kinasema. "Mbele yangu unanyoosha miguu mpaka miguu yenyewe inaanza kuota ndoto."

"Mume wangu," Bibi ananinong'oneza. Ndivyo anavyoniita, utani wa bibi na mjukuu. "Huyu tumchukue."

"Subiri, mke wangu. Anayejisifu hivi ana jambo."

Kweli analo. Kiti kinasema anayekikalia lazima aweze kufungua mlango siku ya hatari, na afungue sasa hivi aonekane. Mlango unaletwa. Ni mlango wetu wa jikoni, ule uliovimba kwa mvua, ambao hata baba huufungua kwa bega. Bibi anausogelea, anasimama kwa adabu.

"Hodi."

"Karibu, mama," mlango unajibu, na haufunguki.

"Sheria inasema kufungua," kiti kinasema. "Haisemi kukaribishwa." Kinaondoka, kinajigonga kichwa mlangoni.

Cha pili kina macho mekundu.

"Una nini, mwanangu?" Bibi anauliza.

"Mimi ni wa safu ya mwisho. Sijaegemea tangu nitengenezwe, nyuma yangu kuna ukuta. Wenzangu wote wanajilaza, mimi nimenyooka kama mwanafunzi aliyechelewa paredi. Na choo kiko hapa hapa sikioni."

Kinapotaja choo tu, tuko kwenye korido ya hospitali, na foleni ya choo inapita kando ya kiti. Kila anayesubiri anakishika bega ili asianguke. Bibi anakipapasa. Naona kabisa anataka kukikalia kwa huruma, kwa hiyo namvuta mkono.

"Tumekuja kuchagua kiti, mke wangu. Hatukuja kulea yatima."

Kiti cha katikati hakikusailiwa. Kilichungulia tu, kikasema, "Najua," kikaenda zake.

Hapo ndipo mama yangu alipotokea, kavaa kitenge chake cha harusi za watu, mkono kiunoni.

"Dirishani!" anasema. "Mama yangu hakai njiani apitwe-pitwe kama kuku wa sokoni. Mkubwa hukaa ndani, penye heshima, atazame mawingu."

Kina mama wa kwaya wanapiga vigelegele, na kabla vigelegele havijaisha tuko angani. Bibi yuko dirishani. Nje, mashamba ya chai yanatembea pole pole yakielekea Kanada kwa miguu.

Mimi nimesimama njiani, maana sina kiti. Kati yangu na Bibi wamelala wazee wawili wanene, na miguu yao inazidi kurefuka. Imejaa nafasi yote ya chini, sasa inaanza kujikunja kwenye kona kama mizizi.

Mtu akanivuta shati. Kumbe si mtu, ni goti la kushoto la Bibi. Limevaa sweta alilolifumia mwenyewe. Kwa kuwa kiumri linanizidi mbali, nililiamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa viti?"

"Ndiye."

"Shuleni ulipata ngapi?"

"Divisheni ya tatu."

"Nilihisi," goti likasema. "Sasa nisikilize. Bibi yako akitaka kunyanyuka, atatokaje pale?"

"Atawaruka hao wazee."

Goti likatikisa kichwa, kama goti lina kichwa. "Kwetu mtu hamruki mwenzake miguu. Ukimruka, unageuka unamruka tena kurudi ulikotoka, la sivyo unamwachia mkosi. Umewahi kumwona bibi yako akimruka mtu?"

"Hapana."

"Atawaamsha?"

Nikafikiri. Bibi yangu akimkuta paka kalala kwenye kiti chake, hukaa chini.

"Hatawaamsha," nikasema.

"Basi atakaa. Hatakunywa maji, asije akahitaji choo. Atanikunja hivi hivi mpaka tutue, na nikitua nitakuwa boga. Mzazi yuko kitandani anamsubiri mama yake amkande. Mama mwenyewe anaingia kabebwa. Nani atamkanda nani?"

Goti likasema linarudi kazini, likaenda.

Mhudumu anampa Bibi maji. Bibi anatabasamu, anashukuru, anaishika glasi kama anavyoshika mshumaa kanisani, hanywi. Chini, goti linaanza. Kwanza ni chungwa. Kisha ni papai. Ndege inainamia upande wa Bibi, na mizigo inateleza.

Rubani anatangaza: "Ndugu abiria, yule anayesema hajambo na jambo analo, anaombwa aseme."

"Mimi sijambo, mwanangu rubani," Bibi anajibu, na ndege inainama zaidi.

"Bibi!" naita. "Goti linauma?"

"Kidogo tu. La mtu mzima."

"Na choo?"

"Kitasubiri."

"Mpaka Kanada?"

"Mama yako kanikalisha mahali pa heshima. Nikihama, atasema nini?"

Hapo utani ukaniishia. Nilimwona vile alivyo, kajikunja ili asimguse jirani, miguu kaificha chini ya kiti kama mtoto aliyefika ugenini. Ndege nzima inataka kuanguka na yeye anaona haya kusema.

"Mke wangu," nikasema, "heshima gani hii ya kufungiwa? Njoo ukae kando ya njia. Hiyo njia iwe mkono wako wa kushoto, goti ulinyooshe likitaka."

"Watanipita."

"Watakupita, na wewe utapita. Utasimama ukitaka, utatembea ukitaka. Hutaomba ruhusa kwa mtu."

Akafikiri. Mashamba ya chai nje yalisimama kusikiliza.

"Sitamruka mtu?"

"Hata mmoja."

"Basi wapigie hodi hao wazee. Mimi naona aibu."

Nikapiga hodi kwenye bega la mzee wa kwanza. Wakaamka wote wawili, wakasema, "Lo, mama, si ungesema tu!" wakasimama, wakakunja miguu yao kama mtu anavyokunja mkeka. Katika kupishana huko mimi nikajikuta nimesukumwa dirishani, wazee wako katikati yangu na Bibi, na Bibi kakaa kando ya njia.

Ananyoosha mguu. Goti linatoa pumzi kama tairi la baiskeli. Ndege inanyooka. Bibi anakunywa maji yote, anaomba mengine.

Kigari cha chakula kinakuja mbio. "Miguu! Miguu njiani!"

"Wewe," Bibi anasema, "hodi hukufundishwa kwenu?"

Kigari kinasimama. Kinarudi nyuma hatua kadhaa, kinaanza upya, pole pole. "Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Pita." Anavuta mguu, kinapita, anaunyoosha tena. Kisha analala. Sijamwona akilala vile tangu mvua za masika zianze kulisumbua goti.

Mhudumu ananiinamia. "Kijana, tiketi yako?"

"Mimi namsindikiza tu."

"Wasindikizaji huishia getini. Shuka."

Unashukaje angani, sikuuliza, maana alikuwa na sura ya mwalimu wa nidhamu. Wazee walisimama wakanipisha. Lakini Bibi kalala, miguu kainyoosha, anakoroma kwa raha. Ningemwamsha vipi, baada ya yote yale?

Nikamruka.

Nilipotua njiani ndipo nikakumbuka. Nikageuka nirudi. Ndege ikawa haipo.

Niliamka kumekucha, mvua inapiga bati. Simu ilikuwa kifuani, na ramani ya viti bado iko wazi: kiti cha dirishani, jina la Bibi, chini yake kitufe kinachosubiri nithibitishe. Nikalihamisha jina. Nikatafuta kiti cha kando ya njia, njia iwe mkono wa kushoto wa anayekikalia, nikabonyeza kabla ujasiri haujapoa.

Sebuleni mama alikuwa anamimina chai. Bibi yuko kwenye mkeka, kaegemea ukuta, miguu kainyoosha mpaka karibu na mlango.

"Umemaliza?" mama akauliza. "Dirishani?"

"Kando ya njia."

"Ambokile! Apitwe-pitwe na watu?"

"Mama, dirishani atatokaje? Watu wamelala, awaruke?"

Mama akamgeukia mama yake. "Mama, usingewaamsha?"

"Waamke kwa ajili yangu, watu wamechoka na safari?" Bibi akasema. "Ningekaa tu."

"Njia yote hiyo?"

"Ningekaa."

Mama akaweka birika chini. Alilitazama goti lile muda mrefu, kama analiona leo.

"Basi njiani," akasema.

Nikaifuata chai yangu. Bibi hakuvuta mguu. Nikasubiri. Hakuvuta.

"Nipishe basi, mke wangu."

"Kwanza rudi."

"Nirudi wapi?"

"Umeniruka ukaenda zako," Bibi akasema. "Na mimi nina safari. Unataka nisifike?"

Mama akacheka. "Mama, huyu amekuruka saa ngapi? Si ndiyo kwanza anatoka kitandani?"

Bibi aliunyoosha mguu vizuri, kama mtu mwenye nafasi.

Nikaruka.